Kinanda cha Yuro 595: Namna Bei Inavyokua Njiani Kutoka Ulaya Hadi Mwanza

Mhazini wa kwaya yetu alinijia baada ya mazoezi ya jioni, pale Igoma, akanionyesha simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na kinanda cha vitufe 61 kutoka duka moja la Ujerumani, bei yuro 595, na chini yake maelezo kwamba duka hilo hutuma mizigo duniani kote. "Mwalimu," akauliza, "hiki kikifika hapa kitakuwa kimetugharimu shilingi ngapi?" Nilimwomba anipe siku mbili. Swali lake lina majibu kadhaa yaliyofungamana, na kila jibu linategemea jambo ambalo halikuandikwa kando ya ile bei: ukubwa wa boksi, fungu la forodha (kundi la bidhaa) ambamo kinanda kitaingizwa, aina ya umeme kinachotumia, na nani atakayekitengeneza kikiharibika.

Tuanze na ile 595 yenyewe. Bei zinazoonyeshwa na maduka ya Ulaya huwa tayari zimebeba Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya nchi ya muuzaji, ambayo Ujerumani ni asilimia 19 na Uingereza ni asilimia 20. Kodi hiyo inamhusu mtumiaji aliye ndani ya nchi zao. Mzigo unaosafirishwa kuja kwetu hautakiwi kuibeba. Duka kubwa lililozoea biashara ya nje, kama Thomann la kijiji cha Treppendorf huko Bavaria, lililoanzishwa mwaka 1954, huiondoa kodi hiyo mnunuzi anapochagua Tanzania kuwa nchi ya kupokelea mzigo. Hesabu yake ni kugawanya bei kwa 1.19, na wala si kutoa asilimia 19 ya bei nzima. Kwa hiyo 595 inakuwa 500 kamili, ilhali anayetoa asilimia 19 moja kwa moja atapata 481.95 na kudhani amepunjwa yuro 18. Duka dogo lisilo na utaratibu wa kuuza nje huenda lisiiondoe kodi hiyo kabisa, na hapo mnunuzi wa Mwanza hulipa kodi ya Ujerumani kwanza, kisha akalipa ya Tanzania juu yake.

Maduka ya Marekani huonyesha bei kabla ya kodi ya jimbo. Ndiyo maana mtu anayelinganisha bei ya Ujerumani na ya Marekani kwa kutazama namba mbili kwenye simu huona Marekani ni nafuu sana, wakati ukweli ni kwamba amelinganisha bei yenye kodi na bei isiyo na kodi. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengi huwapa mawakala wao maeneo maalumu ya kuuzia, na muuzaji wa Marekani anaweza kuzuiwa na mkataba wake kutuma chapa fulani nje ya nchi hata kama mteja yuko tayari kulipa. Ni vyema kuhakikisha jambo hilo kabla ya kukusanya michango ya waumini.

Baada ya bei huja usafiri, na hapa ndipo watu wengi niliowasaidia walipokosea hesabu. Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege hazitozi kwa uzito wa mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha vipimo hivyo, kisha hugawanya kwa 5,000. Jibu huitwa uzito wa ujazo, na mteja hutozwa kwa uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Boksi la kinanda lenye urefu wa sentimita 105, upana 45 na kimo 18 lina ujazo wa sentimita za mchemraba 85,050, yaani uzito wa ujazo wa kilo 17, hata kama kinanda kilichomo ndani yake, pamoja na vifungashio vya kukilinda, hakifikishi kilo nane. Mteja amelipia kilo tisa za hewa. Mizigo ya kawaida ya ndege kwa desturi hugawanywa kwa 6,000, na kinanda kile kile huko kingehesabiwa kilo 14 na kidogo. Kwa upande mwingine, maikrofoni iliyofungwa katika boksi la sentimita 25 kwa 13 kwa 8 ina uzito wa ujazo wa nusu kilo tu.

Ukiliangalia jambo hilo kwa makini, utaona kwamba vifaa vya muziki hugawanyika makundi mawili kabla hata ya kufikia forodha. Kuna vitu vidogo vyenye thamani kubwa: maikrofoni nzuri, saundi kadi ya studio (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), hedifoni, nyuzi za gitaa, pedali. Hivi huvumilia safari ndefu. Kuna pia vitu vikubwa vilivyojaa hewa: spika, seti ya ngoma, stendi, gitaa ndani ya kasha gumu. Hivi huliwa na nauli. Kwa maoni yangu, kuagiza spika moja moja kwa ndege kutoka Ulaya hadi Mwanza ni kupoteza fedha za kwaya, hata spika yenyewe iwe nzuri kiasi gani, kwa kuwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam huzileta kwa kontena, ambamo nauli ya kila spika huwa sehemu ndogo ya bei yake.

Sasa forodha. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, thamani inayotumika kukokotoa ushuru inajumuisha, pamoja na bei ya kitu, gharama za bima na usafirishaji. Tuseme kinanda ni yuro 500, nauli ya meli 150 na bima 10. Jumla ni 660. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki una madaraja manne, yaani asilimia 0, 10, 25 na 35. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania Bara, asilimia 18, hukokotolewa juu ya ile thamani pamoja na ushuru wake. Kwa daraja la asilimia 10, ushuru ni yuro 66, jumla inakuwa 726, na VAT yake ni 130.68, kinanda kimefikia yuro 856.68. Kwa daraja la asilimia 25, ushuru ni 165, VAT ni 148.50, na jumla ni 973.50. Tofauti ni yuro 116.82, na kinanda ni kile kile, boksi ni lile lile. Juu ya hapo huongezwa tozo ya maendeleo ya reli na ada ya kushughulikia nyaraka za forodha, ambazo ni asilimia ndogo lakini hazikosekani.

Kinachoamua daraja ni fungu ambamo kitu kimeandikwa. Ala za muziki zina sura yao ya 92 katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Humo, gitaa la kawaida liko fungu la 9202, vinanda vya umeme na magitaa ya umeme viko 9207, nyuzi na vipuri viko 9209. Lakini maikrofoni, spika, amplifaya na hedifoni haziko katika sura hiyo hata kama kwetu vyote ni "vyombo vya muziki". Ziko sura ya 85, fungu la 8518, pamoja na vifaa vingine vya umeme. Mtu anayeagiza kinanda, maikrofoni mbili na hedifoni katika mzigo mmoja ameagiza vitu vya sura mbili, na ankara ikiandikwa "vifaa vya sauti" kwa jumla, hakuna kinachomzuia ofisa kuuweka mzigo mzima katika fungu moja. Kinanda kisicho na sauti yake, kile cha kuongozea kompyuta tu, kinahitaji maelezo ya makini zaidi, maana kwa macho kinafanana na kinanda na kwa kazi kinafanana na kifaa cha kompyuta.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa muuzaji liwe ankara inayotaja kila kitu kwa jina, modeli, idadi, bei yake na namba ya fungu. Wako watakaokushauri umwombe muuzaji apunguze thamani kwenye ankara. Huo ni udanganyifu wa kodi, na zaidi ya kosa lenyewe, ofisa wa forodha ana mamlaka ya kuikataa thamani iliyotajwa na kukadiria nyingine. Kisha boksi likipotea njiani, bima italipa kile kilichoandikwa na si kile ulichotoa. Viwango vya ushuru na tozo navyo hubadilika kila tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo mahesabu ya Mei yasitumike kulipia mzigo wa Agosti bila kuyapitia upya.

Muuzaji pia hukupa chaguo kuhusu nani alipe kodi ya huku, mara nyingi kwa herufi tatu ambazo wengi huziruka. DDP maana yake muuzaji amebeba gharama zote, pamoja na ushuru na kodi, hadi mlangoni. DAP maana yake ameufikisha mzigo, na kodi ni juu ya mpokeaji. Maduka mengi ya vifaa vya muziki hututumia kwa DAP, na hapo ndipo inapotokea ile simu ya ghafla kutoka Dar es Salaam kwamba mzigo umefika na unadaiwa. Uwe na namba yako ya mlipakodi, yaani TIN, kabla ya mzigo kuondoka. Uulize mapema kama kampuni ya usafirishaji itakufanyia kazi ya forodha au unatakiwa kumtafuta wakala, kwa sababu mzigo uliokaa ghalani huongezewa gharama za kuhifadhiwa kila siku. Wakala wa hapa nchini anapaswa kukutajia bei ya huduma yake kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni.

Anwani nayo isidharauliwe. Wasafirishaji wa haraka hawapeleki mzigo kwenye sanduku la posta, na sisi tumezoea kuandika S.L.P. na jina la mji tu. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa na nyumba nyingi zina jina na namba. Ziandikwe hizo, pamoja na alama inayojulikana na namba ya simu inayoanza na +255. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na mzigo unaweza kuja kwa ndege, kwa lori au kwa basi hadi stendi. Msomaji wa Nansio, Ukerewe, aongeze na kivuko, na aombe boksi lifungwe nailoni nzito, kwa maana maji ya ziwa yakipata kona ya kadibodi huingia hadi ndani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa studio ni kuhusu njia ya Nairobi. Mwanza hadi Sirari, mpakani na Kenya, ni safari ya asubuhi moja, na Nairobi ina maduka mengi ya ala. Je, kwa kuwa tuko jumuiya moja, kinanda kilichonunuliwa Nairobi hakilipiwi chochote mpakani? Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, wenye kikomo cha dola 2,000, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Kinanda cha Japani au cha China hakigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupitia dukani Nairobi. Faida halisi ya Nairobi ni kwamba unakigusa kitu, unakipiga, na unajua mlango wa kurudi kulalamika. Hiyo ni faida kubwa, lakini isichanganywe na msamaha wa kodi.

Njia ya China kwa mawakala wa makontena nayo ina hesabu yake: hutozwa kwa mita ya mchemraba kwa meli, au kwa kilo kwa ndege, na mara nyingi bei moja hujumuisha kila kitu hadi ghala la Dar es Salaam. Ni nafuu kwa vitu vikubwa. Upungufu wake ni kwamba mzigo huingizwa kwa jina la wakala, na mnunuzi hubaki bila karatasi ya forodha yenye jina lake. Kwa mtu binafsi huenda jambo hilo lisimsumbue. Kwa kanisa au taasisi inayokaguliwa hesabu zake, mhazini atatakiwa kueleza kifaa kiliingiaje nchini, na hatakuwa na cha kuonyesha.

Nimeacha umeme hadi sasa, ingawa ndio ulioniumiza mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza mikisa ndogo, yaani kifaa cha kuchanganyia sauti, kutoka duka moja la Marekani. Adapta yake ilikuwa ya transfoma, ya volti 120. Nilinunua kigeuza plagi hapa mjini, nikachomeka, na kabla hatujamaliza kuunganisha waya za maikrofoni ikatoa moshi. Kile kigeuza plagi kilikuwa kimebadilisha umbo la meno tu, volti hazikubadilika. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, sawa na Uingereza na Ujerumani. Marekani ni volti 120 na hezi 60, na Japani ni volti 100. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta picha ya mgongo wa kifaa au wa adapta. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kitafanya kazi popote, na unachohitaji ni plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120V au 100V peke yake, usikinunue bila transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya kifaa. Amplifaya nyingine huwa na swichi ya 115 na 230 nyuma yake. Hakikisha iko upande wa 230 kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

Plagi za Uingereza zenye meno matatu ya bapa huingia moja kwa moja kwenye soketi zetu, na za Kijerumani za duara haziingii. Kifaa chenye waya unaochomoka, kama ule wa kompyuta ya mezani, huhitaji waya mpya tu kutoka dukani hapa. Kama adapta imepotea na unatafuta mbadala, tazama volti, kiasi cha ampea, na ile alama ndogo ya duara inayoonyesha ncha ya ndani ni chanya au hasi. Pedali za gitaa za Boss hutumia volti 9 na ncha ya ndani ni hasi. Vinanda vidogo vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na ncha ya ndani ni chanya. Ukizibadilishana adapta hizo unaweza kuua kifaa kwa sekunde moja.

Maikrofoni zisizo na waya zina tatizo jingine, nalo ni masafa. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya maikrofoni katika masafa ya 698 hadi 806 MHz kuanzia tarehe 12 Juni 2010, baada ya masafa hayo kupewa huduma za simu. Kwetu pia, katika ukanda wa kimataifa unaojumuisha Ulaya na Afrika, masafa ya 694 hadi 790 MHz yametengewa mawasiliano ya simu. Maikrofoni za zamani za masafa hayo bado huuzwa zikiwa zimetumika, kwa bei ya kuvutia sana, na anayezinunua atakuwa amenunua mkwaruzo katikati ya ibada. Vifaa vya mawasiliano ya redio vinahitaji pia ithibati ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa kwaya inayosimama mahali pamoja, maikrofoni ya waya ni bora, ni nafuu, na haina mgogoro na mtu.

Kuhusu mbao, jambo hili nalitaja kwa sababu linatugusa kama Watanzania. Miti ya jamii ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu umo, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tarehe 2 Januari 2017, na kwa muda huo magitaa na klarineti zilihitaji vibali kuvuka mipaka kibiashara. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa, isipokuwa zile za mti wa Brazili, Dalbergia nigra, ambao ulinzi wake ni mkali zaidi. Kijana wa bendi anayeagiza klarineti ya mpingo kutoka Ulaya huenda akawa anarudishiwa mti uliotoka Lindi, baada ya kuulipia nauli ya kwenda na kurudi.

Malipo yafanyike kwa kadi, na si kwa kutuma fedha kwa jina la mtu. Kadi ya benki, au kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard ambayo baadhi ya kampuni za simu huiruhusu kujazwa kutoka pochi ya simu, hukupa nafasi ya kupinga malipo ikiwa mzigo haukufika. Tahadhari ya pekee iwe kwa Shure SM58, maikrofoni iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo hughushiwa kuliko karibu nyingine yoyote. Ukiiona mpya kwa theluthi ya bei ya wauzaji rasmi, jibu unalo tayari.

Limebaki la kurudisha. Duka linaweza kuahidi siku 30 za kubadili mawazo na miaka mitatu ya dhamana, na ahadi hiyo ikawa ya kweli kabisa, lakini nauli ya kurudisha kinanda cha kilo 17 za ujazo hadi Ulaya hukaribia nauli iliyokileta, na kikirudi tena kimetengenezwa, utatakiwa kuithibitishia forodha kwamba si kitu kipya. Kwa kifaa kikubwa, dhamana iliyo ng'ambo ina manufaa madogo. Fundi aliye Mwanza mwenye vipuri vya modeli ile ana manufaa zaidi.

Baada ya siku mbili nilimpelekea mhazini hesabu hizi. Alizinakili kwenye daftari la kwaya, akapiga simu katika maduka mawili ya Dar es Salaam na moja la hapa mjini kuuliza bei ya kinanda cha modeli ile ile, na Jumapili akazisoma mbele ya kamati. Kinanda kilinunuliwa hapa mjini, kikiwa kimepigwa kitufe kwa kitufe kabla ya kulipiwa. Kutoka Ulaya ziliagizwa maikrofoni mbili za waya na saundi kadi ya kurekodia, kwa ankara yenye mistari mitatu na namba za mafungu. Boksi lilifika likiwa na uzito wa kilo mbili na nusu, nasi tulilifungua juu ya meza ya mazoezi huku mhazini akihakiki kila kitu kwa ankara, mstari kwa mstari.